Vidole Viwili kwenye Uzi wa Shangazi

Katika mji ule hakuna aliyekuwa na jina lake mwenyewe. Watu waliitwa, tena waliitwa mchana kutwa, sokoni na vibarazani, kwa upole na kwa matusi, lakini waliitwa kwa majina ya kuazima. Mtoto alipozaliwa, Nyumba ya Usomaji ilimwazima jina lililokuwa limekaa bure, na siku alipoondoka jina hilo lilirudishwa akapewa mwingine, kama masufuria ya shughuli yanavyozunguka mtaani. Jina la mtu hasa, lile la kubaki baada yake, lilikuwa kwenye uzi aliouvaa shingoni, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulitafuta.

Uzi ulikuwa hivi. Siku ikipita bila kumgusa mtu, haikuacha kitu. Ikimgusa, iwe kwa raha au kwa karaha, mtu aliamka kesho yake na ushanga kiganjani, na juu ya ushanga imechongwa herufi moja. Nani alichonga, hakuna aliyejua. Wapo waliosema ni siku yenyewe, wapo waliosema ni mtu mwenyewe akiwa usingizini, na ugomvi huo ulishavunja ndoa kadhaa. Ila wote walikubaliana kwamba ushanga ukishatungwa hauhamishwi wala hautolewi. Unakaa nyuma ya ule uliotangulia, basi, hata kama mtu angelipa kila alicho nacho ili aitoe siku hiyo.

Wakati ukifika, mtu alianza kufifia. Alianzia nyayoni, akapanda kwenye magoti, akapanda kiunoni, bila maumivu, akiongea kama kawaida na kudai chai. Hapo Nyumba ilimtuma msomaji, na kazi ya msomaji ilikuwa moja: kutafuta katika uzi ule kipande kirefu kuliko vyote ambacho ndani yake hakuna herufi iliyojirudia. Kipande hicho ndicho jina. Kikitamkwa mlangoni kabla kichwa cha mwenyewe hakijafifia, mtu anabaki, maana yake watu wanaendelea kumtaja, kumcheka, kumlalamikia na kumlilia. Kisipopatikana, anasahaulika papo hapo na wote. Jirani aliyekula naye jana anafungua kabati, anakuta kikombe cha ziada, na hajui ni cha nani.

Na wazee, ambao nyuzi zao zilikuwa ndefu, ndio waliosahaulika karibu wote. Walioishi sana hawakuachiwa hata herufi. Mji uliwakumbuka watoto wachanga na vijana waliokatika mapema, ukajiona ni mji wa vijana, ukashangaa nani alijenga zile nyumba kuukuu.

Kidawa alikuwa msomaji, na asubuhi tunayoisimulia alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha shangazi yake, Bi Mwanatumu, uzi wa shangazi umelala juu ya mapaja yake, mrefu, umejikunja na kujikunjua hadi sakafuni. Nyayo za shangazi zilikuwa zimekwisha. Mahali zilipokuwa, shuka lilikuwa limelala bapa.

Inafaa ijulikane huyu shangazi alikuwa nani kwa Kidawa. Kidawa hakuwa na baba wala mama anaowakumbuka. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kikombe cha bluu ambacho hakikuwa cha yeyote, na kanzu ya kiume iliyotundikwa nyuma ya mlango, na kila mwaka waliifua wakaitundika tena. Kwa kuwa Mwanatumu aliitwa shangazi, lazima palikuwa na baba. Kidawa alimjua baba yake kwa njia hiyo tu, kwa kukokotoa, maana mtu hazaliwi na ukuta. Sasa alimtazama yule mwanamke aliyemlea, akaiona siku inayokuja ambapo yeye Kidawa atasimama chumbani humu na kujiuliza kitanda hiki kikubwa ni cha nani. Wasomaji hawatakiwi kuogopa, lakini aliogopa.

"Mbona umetulia?" shangazi aliuliza. "Unasoma au unalala?"

"Nasoma, shangazi."

"Umefika wapi?"

"Nimerudi mwanzo."

"Tena!"

Tena. Kusoma kwa Nyumba kulikuwa na desturi yake. Katika chumba cha wanafunzi ulining'inia uzi mfupi wa mazoezi, shanga zake zilikuwa K, A, T, A, L, U, na kila msomaji wa mji ule aliuimba kabla hajaota meno ya pili. Unaweka kidole kwenye K. Unaenda A, unaenda T, halafu A nyingine: imejirudia. Unakikumbuka kipande cha KAT, unanyanyua kidole, unakirudisha kwenye fundo ambapo uzi wote unaanzia, unainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, Mwanzo." Kisha unaanza upya, safari hii kwenye ushanga unaofuata K. A, T, halafu A: imejirudia. Fundo. Shikamoo, Mwanzo. Unaanzia T. T, A, L, U, uzi umekwisha. Jina ni Talu. Watoto wanapiga makofi.

Kwa uzi wa mtoto, sawa. Lakini uzi ukirefuka kidogo, kazi ilirefuka mno, kwa sababu kila ushanga ulidai safari yake mwenyewe kutoka kwenye fundo. Na palikuwa na jambo jingine ambalo wasomaji hawakulisema nje: kila salamu ilipotolewa kwa Mwanzo, chumbani kulipambazuka upya. Jua lililokwisha kupanda hadi kwenye pazia liliteremka tena dirishani, chai ikarudi kuwa ya moto mikononi mwa msomaji, uchovu ukamtoka. Muda ulirudi nyuma kwa msomaji peke yake. Kwa anayesomwa ulikwenda mbele. Ndiyo maana wasomaji walikuwa na nyuso laini, na ndiyo maana hawakuwahi kuona haraka ilikuwa ya nini.

Kidawa alipokuwa mwanafunzi aliwahi kumuuliza Msomaji Mkuu, Bwana Makame, kwa nini jina litafutwe mahali pasipojirudia. Bwana Makame alimjibu kwa ile sauti yake ya kuweka vitu kabatini: "Kwa sababu mtu ni kile ambacho hakijirudii." Jibu lilimpendeza, akatembea nalo miaka. Sasa alikuwa hapa mbele ya shangazi ambaye alifagia kila asubuhi, akaimba wimbo uleule akiwa jikoni, akagombana na muuza maziwa kwa maneno yaleyale, na jibu lile halikumpendeza tena. Je, huyu wa kufagia si mtu? Je, yule ambaye kesho hakuna atakayemkumbuka, jana alikuwepo? Na kama alikuwepo, alikuwepo wapi, ikiwa hakuna mahali palipobaki naye isipokuwa kikombe? Ukiliacha swali kama hili lizunguke chumbani linakula hewa. Kidawa alifungua dirisha.

Ndipo Bwana Makame alipoingia. Alikuwa na kanzu yenye kola ndefu iliyofungwa hadi kidevuni, na chini kanzu hiyo ilikuwa ndefu kupita kiasi, inafagia sakafu, upindo wake umefumuka na nyuzi zinaburura.

"Shikamoo, Bwana Makame," Kidawa alisema.

"Marahaba, binti yangu. Unarudi?"

"Narudi."

"Vizuri. Usomaji ni kurudi. Asiyemsalimu Mwanzo hasomi, anapapasa tu."

"Makame," shangazi aliita kutoka kitandani, "hiyo kanzu inakuburuza. Upindo umefumuka huo. Kila ukipita nakwambia, na kila ukipita umefumuka zaidi. Ipandishe kidogo, utakuja kuanguka mbele za watu."

Bwana Makame aliukusanya upindo karibu naye kwa haraka ambayo haikufanana na uso wake laini. "Mgonjwa asisumbuliwe," alisema, ingawa hakuna aliyemsumbua mgonjwa, akaondoka akifagia korido nzima.

Kidawa aliinama juu ya uzi. Akasoma, ikajirudia, akasalimu, kukapambazuka. Akasoma, ikajirudia, akasalimu, kukapambazuka. Alipoinua macho, magoti ya shangazi hayakuwepo.

"Uache kidogo uzi huo," shangazi alisema. "Mpira wa shimizi yangu umekatika. Ipo pale juu ya kiti, na mpira mpya na pini. Hebu nitilie."

"Shangazi, saa hizi?"

"Saa ngapi basi? Kiuno bado ninacho. Au unataka nififie huku nguo inanidondoka mbele ya Makame?"

Kidawa alicheka na machozi yakamtoka hapohapo, akachukua shimizi. Alifunga mpira kwenye pini, akaiingiza pini kwenye upindo wa kiunoni, akaanza kuisukuma ndani kwa ndani. Pini ilikwenda kidogo, ikakwama kwenye mshono. Akaivuta yote ikatoka, akaiingiza tena kwenye mdomo wa upindo, akasukuma. Ikakwama mbele kidogo. Akaivuta yote ikatoka.

"Unafanya nini?" shangazi aliuliza.

"Imekwama."

"Imekwama, ndiyo ukaitoa? Nani kakufundisha kutia mpira hivyo?"

"Nimerudi mwanzo nianze vizuri."

"Huko mwanzo kuna nini? Wewe mtoto! Msomaji mzima mzima, shimizi inakushinda." Shangazi alinyoosha mikono, ambayo bado ilikuwepo, akaonyesha hewani. "Mkono wa kulia unashika pini, unasogea nayo mbele. Nguo itajikunja katikati, iache ijikunje. Ikikaza, huitoi pini. Unaachia nyuma kwa mkono wa kushoto, kidogo tu, mpaka ilegee, halafu wa kulia unakwenda tena. Hakuna kurudi. Wa kulia unakwenda, wa kushoto unaachia."

Kidawa alifanya hivyo. Pini ilikaza, mkono wa kushoto ukaachia, pini ikapita. Ikakaza, ukaachia, ikapita. Mpira ulizunguka kiuno chote cha shimizi na kutokea upande wa pili, na mikono yake haikuwa imerudi nyuma hata mara moja. Alikaa akiutazama. Kisha, polepole, aliuimba moyoni ule uzi wa mazoezi, akiweka vidole viwili hewani badala ya kimoja.

Cha kushoto kwenye K, na cha kulia pia kwenye K. Cha kulia kinakwenda: A. Kinakwenda: T. Kinakwenda: A, imekaza, kuna A mbili kati ya vidole. Basi usirudi. Cha kushoto kiachie. Kinaiachia K, bado imekaza. Kinaiachia A ya kwanza, imelegea, kati ya vidole kuna T na A tu. Cha kulia kinakwenda: L. Kinakwenda: U. Uzi umekwisha. T, A, L, U.

Talu, bila shikamoo hata moja katikati. Hakuna kidole kilichopita juu ya ushanga mmoja mara mbili.

Mtu akigundua jambo kubwa hutarajia chumba kitingishike. Hakikutingishika. Nzi alikuwa kwenye chandarua na shangazi alikuwa anajaribu mpira kwa kuuvuta na kuuachia. Kidawa alitoka mbio hadi sebuleni, akarudi na ubao wa bao ambao yeye na shangazi walichezea mchana wa mvua nyingi. Kwa chaki akaandika herufi kwenye kila shimo. Herufi ikiingia kati ya vidole, ataweka kete shimoni mwake. Ikitoka kushoto, ataitoa kete. Akikuta kidole cha kulia kinataka kuweka kete kwenye shimo lenye kete, atajua imekaza, na cha kushoto kitaachia mpaka shimo liwe tupu. Na kile kipande kirefu kuliko vyote alichokwisha kukiona atakiweka mdomoni, akikitamka chini chini, mpaka apate kirefu zaidi akiteme.

"Unataka tucheze sasa hivi?" shangazi aliuliza.

"Nataka nikusome, shangazi."

"Si ulikuwa unanisoma?"

"Nilikuwa nakuanza."

Aligusa fundo mara moja, akasema shikamoo yake kwa heshima zote, kwa sababu mwanzo ni mwanzo na adabu ni adabu. Kisha akaweka vidole viwili.

Wasomaji wanajua kwamba kidole kikigusa ushanga, msomaji huingia katika siku ile. Kwa kidole kimoja unakuwa mtu mmoja wa siku moja. Kwa viwili Kidawa alikuwa Mwanatumu wa huku na Mwanatumu wa kule kwa wakati mmoja: kushoto msichana aliyepanda ukuta kuiba mapera, kulia mwanamwali anayechagua kitambaa, na kati yao siku zote zilizowaunganisha, zinapumua pamoja. Alikuwa na magoti yaliyochubuka na hina mikononi. Alimpenda mwanamume mmoja na papo hapo hakumjua bado. Hakuwa na hakika tena ni nani anayesoma. Labda Kidawa lilikuwa jina ambalo Mwanatumu aliliazima ili ajisome mwenyewe. Labda hakuna mtu, kuna vidole viwili tu na kinachoweza kukaa kati yao, na kila tunayemwita mimi ni hicho tu, kipande tunachoweza kukishika kwa sasa kabla kulia hakujakaza na kushoto hakujalazimika kuachia.

Kete ziliingia na kutoka. Jua, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usomaji, lilipanda tu. Lilipita pazia. Chai ilipoa kweli. Kidawa aliona kucha zake zimerefuka kidogo na mgongo unamuuma, akafurahi kuumwa mgongo.

Alifika katikati ya uzi. Kulia aliongeza N, akaongeza D, kisha akaweka kidole kwenye O, na akajiona.

Alikuwa Mwanatumu anafungua mlango asubuhi, na kizingitini amekaa mtoto mwenye kiatu kimoja. Mtoto anasema, "Shangazi, njaa." Mwanatumu hamjui mtoto huyu. Nyuma yake, mezani, kuna kikombe cha bluu chenye chai bado inatoa moshi, na hajui ni nani aliyekuwa akinywa. Kuna kanzu nyuma ya mlango. Kitu kimetoka duniani dakika hii hii na yeye amesimama ukingoni mwa shimo lake asilione shimo. Anaweza kufunga mlango, kwa sababu hakuna anachojua kinachomlazimu. Anasema, "Ingia, mwanangu." Anammiminia mtoto chai katika kikombe kilekile.

Kidawa alibaki pale. Huo ulikuwa ushanga pekee katika mji mzima uliokuwa na baba yake ndani, hata kama alikuwemo kama moshi wa chai tu. Mwishowe alisogea, akiwa ameibana O ile kati ya vidole. Kulia kukaja L, kukaja U, kukaja M. Ndolum. Alikitamka kipande hicho kwa mapenzi. Kisha kidole cha kulia kikaja juu ya O nyingine, na shimo la O tayari lilikuwa na kete.

Ilikuwa siku gani hiyo O ya pili? Ilikuwa siku mbuzi wa jirani alipoingia ndani na kula pazia, na Mwanatumu akacheka mpaka akakaa chini.

Imekaza. Cha kushoto kilitakiwa kuachia N, kuachia D, kuachia O. Kuachia mlango, kiatu kimoja, kikombe, Ingia mwanangu. Kwa ajili ya mbuzi! Kidawa alisema, "Hapana," kwa sauti. Akakinyanyua kidole cha kulia, akakirudisha nyuma, nyuma kabisa hadi kwenye fundo. "Shikamoo, Mwanzo," alisema, na kukapambazuka, na chai ikawa ya moto, na mgongo ukaacha kuuma. Wakati huo ndipo alipoelewa kwa nini Nyumba nzima inarudi. Haikuwa heshima. Wasomaji wote tangu zamani walikuwa wamefika mahali fulani kwenye uzi wa mtu fulani ambapo hawakuweza kuachia, wakakimbilia kwenye fundo, na waliofuata wakadhani ile mbio ni ibada.

Alipoinua macho, shangazi alikuwa mabega na kichwa.

"Kidawa."

"Nipo, shangazi."

"Umerudi tena. Nimeona macho yako yamekuwa ya asubuhi."

"Kuna siku siwezi kuiachia." Alikuwa analia waziwazi. "Siku uliyonichukua. Nikiiachia haitakuwa kwenye jina lako. Sitakuwepo kwenye jina lako, shangazi. Na baba hatakuwepo popote."

Shangazi alimtazama kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo na amekataa kuoga.

"Shimizi uliyotia mpira," alisema, "ile nguo uliyoachia nyuma kwa mkono wa kushoto, ilikwenda wapi?"

"Haikwenda popote. Ipo."

"Ilikatika?"

"Haikukatika."

"Basi unalia nini? Kidole ndicho kinachoachia. Ushanga uko palepale, nimeutunga mimi mwenyewe na hautoki. Jina ni pa kunishikia tu, watu wapate pa kuanzia. Mimi ni uzi wote, na wewe umo. Achia, mwanangu. Shingo inaanza kuwa nyepesi."

Kidawa aliweka vidole palepale alipoviondoa. Hilo nalo alilijua sasa: hakukuwa na haja ya kupita njia yote upya. Kulia kwenye O ya mbuzi. Kushoto akaachia N. Akaachia D. Akakaa juu ya O ya mlango, akanusa chai, akamtazama yule mtoto mwenye kiatu kimoja mpaka akamshiba, akasema, "Kaa hapo, nakuja," akaachia.

Shimo likawa tupu. Akaweka kete mpya, na pazia likaliwa, na shangazi akacheka. Na katika kicheko kile, kutoka chumba cha pili, Kidawa alisikia mtoto naye anacheka. Alisogea mbele. K, siku ya ugomvi wa maji, na mtoto anakohoa chumba cha pili. A, siku ya pilau iliyoungua, na mtoto anauliza kama inalika. W, E, S, na kila siku kulikuwa na viatu vidogo mlangoni. Hakuwa katikati ya siku yoyote kati ya hizo. Alikuwa pembeni, anaishi tu, hakuna aliyemgundua. H. I. Kisha ikaja U nyingine, ikakaza, akaachia, akaenda, akaachia, akaenda mpaka mwisho wa uzi, na hakuna kipande kilichokuwa kirefu kushinda kile alichokuwa nacho mdomoni.

Alikimbia mlangoni. Mtaa ulikuwa na watu wa jioni, wanaonunua mkate.

"Lumokaweshi!" Kidawa aliita kwa sauti yote. "Lumokaweshi! Lumokaweshi!"

Nyuma yake alisikia sauti ikijibu, "Abee," kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni, na kwa muda mfupi harufu ya chai ikajaa nyumba. Aliporudi chumbani shuka lilikuwa limelala bapa lote. Shimizi ilikuwa juu ya mto, imekunjwa.

Hakulala vizuri, si kwa majonzi peke yake. Aliogopa kuamka. Asubuhi alifumbua jicho moja, akakitazama kitanda kikubwa, akajiuliza kwa woga kitanda hiki ni cha nani, na jibu likaja kabla swali halijaisha. Alilia kwa furaha hadi mto ukalowa. Lakini yeye ndiye aliyelitafuta jina, angeweza kuwa analishikilia kwa nguvu zake tu. Nyumba je? Mji je?

Bwana Makame alibisha hodi jua likiwa limepanda. Alisimama katikati ya chumba, kola imefungwa, kanzu inafagia sakafu.

"Nyumba imesikia kuwa ulitamka jina mlangoni," alisema.

"Nilitamka."

"Ulimsalimu Mwanzo?"

"Nilipoanza. Na mara moja tena, kwa woga. Kwingine nilikwenda na vidole viwili, cha kulia kinasogea, cha kushoto kinaachia."

"Kwa uzi mrefu namna hii!" Alitikisa kichwa. "Basi hakuna usomaji hapa, na pasipo usomaji hapana jina. Nimekuja kulichukua Mwanatumu, kuna mtoto amezaliwa analisubiri."

"Lichukue, Bwana Makame. Lilikuwa la kuazima."

Utulivu wake ulimkera, akapandisha sauti. "Na nisikie tena vizuri. Nyumba haimtambui Lumokaweshi. Hajapata kuwepo katika mji huu mtu anayeitwa Lumokaweshi, aliyelala kitanda hiki, na kunipigia kelele kila nikipita kwamba kanzu yangu inaniburuza, na kwamba upindo—"

Alikitazama kitanda, akaitazama shimizi, na uso wake laini ukakunjika mahali pengi kwa pamoja, kana kwamba ulikuwa unasubiri ruhusa.

"Namkumbuka," alisema.

"Naona, Bwana."

"Alikuwa na uzi mrefu. Wenye nyuzi ndefu hatuwakumbuki." Vidole vyake vilipanda kwenye kola, vikafungua kifungo cha juu, kisha cha pili, na uzi ukamwagika kifuani, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kiunoni. Kisha, kwa aibu, akaushika ule upindo uliofumuka na kuupandisha kidogo. Chini ya kanzu sakafu ilionekana safi, kavu, na hakukuwa na nyayo.

"Tangu lini?" Kidawa aliuliza.

"Alijua," Makame alisema. "Yule mwanamke alijua, ndiyo maana hakuacha kunisema." Akautazama ubao wa bao. "Hicho kidole cha kushoto. Kinaachiaje?"

Kidawa aliuvuta ubao wa bao, akazitoa kete zote, akafuta vumbi la chaki kwa upindo wa kanga yake.

"Keti, baba," alisema, akampisha kitandani.